Karoti, Nyoka Niliyemkana

Espe mwanangu,

Uko kwa jirani wa chini unasukwa nywele za safari, na kwa jinsi ninavyomjua jirani yetu, mdomo wake unakwenda kasi kuliko vidole vyake, kwa hiyo nina muda. Begi lako liko mlangoni. Nimeketi mezani na kalamu ya duka, na karatasi nilizochana kwenye daftari lako la mwaka jana. Unisamehe mwandiko. Mimi nilifika darasa la sita, ingawa kule saluni ninakonyolea watu wanajua nilimaliza chuo cha ualimu Bukavu nikawa wa kwanza katika mkoa mzima. Hiyo nayo niliitunga mimi. Nitakuambia leo mambo mengi niliyoyatunga, uniwie radhi nikikuchosha.

Sitakuandikia habari ya kula vizuri, ya kushika simu vibaya pale kituo cha basi, ya wavulana wa Pretoria. Hayo unayajua, na mengine wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Tena wiki hii mwenye kupewa maagizo ndani ya nyumba hii ni mimi. Upande mmoja wa sanduku la kioo la Karoti uwe na joto, upande wa pili uwe baridi, achague mwenyewe. Maji yabadilishwe. Panya atolewe kwenye friza, alainishwe ndani ya maji ya moto, asiwekwe kamwe kwenye sufuria ya ugali. Kifuniko kibanwe, kwa sababu mahali panapopita kidole chako Karoti anapita mzima. Ulikuwa unasema, mimi natingisha kichwa kama mtu aliyezaliwa anajua.

Halafu ukaniuliza lile swali. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya kabati, Karoti amejizungusha kwenye kiganja chako, hukunitazama hata.

"Mjomba, mtu akiingia hapa akamwona, akauliza ni wa nani, utasema nini?"

Nikaanza, "Mimi? Mtu ambaye kule Ruzizi..."

Ukainua mkono wa pili. "Sitaki hadithi, Mjomba. Nataka jibu tu."

Sikuwa nalo. Ukamrudisha Karoti sandukuni taratibu, mkia ukiwa wa mwisho. Ukasema basi, siku ya safari utaamua: abaki na mimi au umpitishe Pinetown kwa Vikash wa duka la wanyama. Hukusema kwa hasira. Hasira ningeiweza, ningekukaripia kama mjomba, tungeishia kucheka. Ulisema kama daktari anavyosema.

Barua hii ni lile jibu. Itakuwa ndefu kwa sababu sijawahi kusema jambo kwa njia iliyonyooka.

Unakumbuka bustani ya Morningside niliyokuwa naitunza nje ya kazi ya saluni, mwaka ule wa Kombe la Dunia. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu, Jumamosi unanisaidia kushika mpira wa maji. Usichokijua ni kilichotokea kabla sijaanza kukuchukua. Siku moja nilikuwa juu ya ngazi nakata ua, nyoka mdogo wa kijani akatoka kwenye majani, hakuwa mnene kuliko kamba ya kiatu. Niliruka. Espe, niliruka kutoka juu kabisa, nikaangukia kwenye maua ya madam mwenye nyumba. Madam akatoka mbio, "Jules, Jules, umeumia?" Nikasimama, nikajikung'uta, nikamwambia nimeshuka ili nimzibie njia. Yule mama mwema akaniamini. Akaniletea chai. Na mimi nikipewa chai na sikio, unanijua. Nikamwambia habari ya bonde la Ruzizi, jinsi nilivyokuwa nakamata chatu kwa mikono mitupu, na jinsi chatu mmoja alivyomeza mbuzi, nikamvuta yule mbuzi kwa pembe mpaka akatoka, na mbuzi akaishi, na baadaye akazaa mapacha.

Madam akawasimulia rafiki zake. Tangu hapo nilikuwa mtu wa nyoka, pale Morningside.

Kwa hiyo mtoto wake wa kiume alipopata kazi Australia, na ndege haikuweza kumchukua nyoka wake, madam hakusumbuka kutafuta. Alitushukia bustanini anatabasamu. "Jules, wa kwanza niliyemfikiria ni wewe." Ningesema nini? Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kunijibia tangu zamani. Na wewe ulikuwa umeshika ule mpira, maji yanamwagika kwenye viatu vyako, unanitazama. Kumbe Jumamosi zote nilizodhani uko jikoni unakunywa juisi, ulikuwa chumbani kwa yule kijana unamshika nyoka.

"Mjomba, tafadhali."

Nikakubali. Miaka yote hii umeniambia asante kwa siku ile, na mimi nimeipokea. Nilikubali kwanza kwa kuogopa madam asijue kuwa ninaogopa. Wewe ulikuwa sababu ya pili. Utakumbuka kijana alipoturudisha na gari, sanduku la kioo lilikuwa mapajani mwako kiti cha nyuma, mimi nikakaa mbele nikasema magoti yangu yanahitaji nafasi.

Ukampa jina Karoti kwa ajili ya rangi. Ukanifundisha kwamba Wazungu wanamwita nyoka wa mahindi, kwa kuwa kwao Marekani anapenda kukaa kwenye maghala ya mahindi akifuata panya, na kwamba hana sumu, na kwamba anaweza kuishi miaka ishirini akitunzwa. Miaka ishirini! Nilihesabu umri wangu nikatoka jasho. Lakini kule saluni, kwenye kiti changu cha kunyolea, nilikuwa nasema nalala naye shingoni kama skafu. Kumgusa sijawahi. Ulikuwa unajua, sivyo? Nadhani ulijua tangu wiki ya kwanza, ukaninyamazia ili nisiaibike.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa siku moja baada ya wewe kumlisha. Ulikuwa umeniambia mlangoni, una nguo za kwaya mkononi, "Mjomba, asiguswe siku mbili, chakula bado hakijashuka." Nikasema sawa, sharp. Ukaenda mazoezini. Mimi nikashuka saluni, na pale Mama Gloria, unajua kiti chake cha kusuka kiko kando ya changu, akaanza kunichokoza mbele ya wateja.

"Papa Jules, hiyo nyoka yako tunaisikiaka tu. Labda iko mkanda wa suruali."

"Mkanda? Mama Gloria, ukiiona utaomba talaka kwa bwana yako ukae uiangalie."

"Tuonyeshe basi! Ama tukuite Papa Mkanda?"

Wakacheka wote. Nikawapandisha hapa juu, Mama Gloria na wateja wawili. Karoti alikuwa amelala chini ya kile kipande cha gome, hata hakuonekana. Mteja mmoja akasema, "Iko wapi? Hakuna kitu." Hiyo ndiyo iliyoniponza. Nikafungua kifuniko, nikachukua mpini wa ufagio, nikaligeuza lile gome, nikamchokoa ubavuni ili anyanyue kichwa, waone. Nikamchokoa tena. Akajikunja, mkia ukatetemeka, shingo ikaanza kuvimba namna sijawahi kuona, halafu akafungua mdomo, panya wa jana akarudi nje mzima mzima, amelowa, amelainika.

Wateja wakarudi nyuma mpaka mlangoni. Halafu Mama Gloria akashika kichwa: "Mama weee! Inatapika!"

Wewe umekulia hapa, labda hujui neno hilo lina uzito gani kwa watu wa kwetu. Kule kwetu, mfanyabiashara akifanikiwa ghafla, watu husema ana nyoka chini ya kitanda, nyoka anayetapika pesa. Na nyoka huyo halishwi panya. Analishwa mtu wa nyumbani. Mwenye nyoka anamtoa dada yake, au mtoto wake, ndipo anapata.

Ningeweza kusema pale pale, "Jamani, ni panya tu, nimemsumbua akiwa ameshiba, mtoto alinikataza." Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Lakini nikatazama macho yao, na tangu niingie nchi hii nikiwa na mfuko wa plastiki na makaratasi ya ukimbizi, hakuna mtu aliyekuwa amenitazama vile. Waliniogopa. Nikaona raha, Espe. Nikafunga kifuniko polepole kama mganga, nikasema, "Nyoka wangu hatapiki bure."

Ulirudi ukamkuta Karoti amelegea, ukamlilia, ukamnywesha maji. Uliuliza, "Nani alimgusa?" Nikasema labda ni joto la Durban.

Wiki za kwanza kiti changu hakikupoa. Watu walitaka kunyolewa na mkono wenye bahati. Halafu wengine wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Halafu nikamsikia mtu nyuma ya pazia la saluni akiuliza kwa sauti ndogo, "Na dada yake, yule mama ya mutoto, alikufaka namna gani?"

Mama yako alikufa kwa homa, Uvira, mikononi mwangu, wakati hospitali haikuwa na dawa. Hilo ndilo jambo moja ambalo sijawahi kuliongezea wala kulipunguzia. Na sasa lilikuwa limeingia kwenye hadithi yangu.

Ndipo mchungaji wa kanisa letu akapanda ngazi na mama wa kikundi cha maombi, Mama Gloria akiwemo. Wewe ulikuwa umetoka jikoni na glasi za maji kwenye sinia, umepiga goti kidogo kama nilivyokufundisha kuwapa wageni. Mchungaji hakuchukua maji. Akaonyesha sanduku.

"Papa Jules, hii nyoka iko ya nani?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu. Jibu lilikuwa jepesi. Lakini niliona vile watakavyosema: Jules alimuuza dada yake. Niliona kiti changu kimetupwa nje, na watu wa kwetu wanatema mate nikipita. Nikasema:

"Iko ya mutoto."

Ulinitazama. Sinia haikutikisika, hukumwaga hata tone. Ningependa ungemwaga, ungepiga kelele, ungesema "Mjomba unadanganya." Uliitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyepewa mzigo kwenye teksi ashike mpaka kituo kinachofuata.

Wakaanza. Mafuta, mikono juu ya kichwa chako. Mama Gloria alikushika kichwa pande zote mbili, kwenye masikio. Wakakuuliza nani alikupa, ulikula nini katika ndoto. Ukasema, "Alitupa madam wa Morningside." Ulisema alitupa. Hata pale ulinigawia nusu kwa adabu. Wote wakageuka kunitazama. Nikatazama zulia. Kisha wakakuuliza kama ni wewe uliyemla mama yako. Ndipo ulilia.

Mchungaji akaagiza nyoka achomwe kesho yake. Nikasema nitamchoma. Asubuhi hukwenda shule. Ulimtia Karoti kwenye foronya, foronya kwenye begi la shule, ukapanda teksi peke yako mpaka Pinetown, kwenye lile duka tunakonunua panya, ukamwomba Vikash amfiche. Ulirudi saa za chakula, ukaniambia, "Amekwisha kwenda, Mjomba, usiogope." Mtoto wa miaka kumi na tatu.

Ningenyamaza hapo, ningekuwa mwoga tu, na waoga tuko wengi. Lakini Jumapili waliniuliza, nje ya kanisa, ilikuwaje. Walikuwa wamenizunguka. Na mimi nikaona masikio yale yote. Nikawaambia nilimwaga mafuta ya taa, moto ukawaka wa kijani. Wakasema haaa! Nikaona bado wanataka. Nikasema nyoka akasimama ndani ya moto kwa urefu wa mtu. Wakasema Yesu! Na bado wanataka. Nikasema kabla hajafa aliita jina lako.

Hakuna aliyeniomba niongeze hiyo. Nataka ujue. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyekuwa ananitisha wakati ule, hatari ilikuwa imekwisha kupita. Niliongeza kwa sababu hadithi ilikuwa inataka mwisho.

Wiki iliyofuata wasichana wa kwaya walisogea, benchi zima likabaki na wewe peke yako. Najua walikuambia nilichosema. Hukuniuliza kamwe. Uliacha kwaya, ukasema sauti yako imeharibika. Karoti alirudi kutoka Pinetown baada ya likizo, kwa sharti langu kwamba aishi kabatini, mtu asijue. Ukakubali hata hilo. Ukatoboa kabati kwa nyuma ili apate hewa, ukapitisha waya wa ule mkeka wa joto, ukahamishia nguo zako kwenye sanduku la kadibodi chini ya kitanda. Miaka hii yote nguo zako zimekuwa na mikunjo kwa ajili ya uongo wangu.

Nimekuwa nakutazama unavyomtunza. Hukujua. Najifanya naangalia mpira kwenye televisheni, lakini jicho moja liko kwako. Nakumbuka mara ya kwanza macho yake yalipogeuka meupe kama maziwa, nikasema basi, anakufa, afadhali. Ukanieleza anataka kujivua ngozi, na siku hizo haoni vizuri, kwa hiyo anaogopa kila kitu na anaweza kuuma hata mkono unaomlisha, si ubaya wake. Ukamwekea kitambaa chenye unyevu ukamwacha. Hukumvuta ile ngozi. Mimi ningeivuta. Mtu kama mimi akiona kitu kimeanza kutoka anataka kitoke leo, watu wakiwepo. Uliniambia ukiivuta kabla ya wakati wake unachuna na ile mpya iliyo chini. Sina la kuongeza juu ya hapo. Huko uendako utakutana na watu wa namna zote, wengine macho yao meupe. Una mkono mzuri, hukuupata kwangu.

Nilichojifunza mimi ni kidogo na nimekipata kwa kuchelewa. Nilikuwa nadhani hadithi zangu hazimpunguzii mtu kitu. Chatu, mbuzi, chuo cha ualimu, nani ameumia? Mtu mwenye maisha madogo kama yangu ana haki ya kuyarefusha, ndivyo nilivyokuwa najiambia. Sikujua kwamba nikijirefusha mimi, kuna mtu mfupi kando yangu anayekatwa. Ukiwahi kuolewa na mwanaume mchekeshaji, Espe, mtazame anachofanya watu wakiacha kucheka.

Bon. Ulipouliza swali lako, nilikaa siku kadhaa bila kula vizuri. Jumapili iliyopita, uliposema unabaki kufua, mimi nilikwenda kanisani nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Ndugu zangu, ile nyoka ilikuwa yangu. Haikuwa ya mtoto. Alinipa madam kwa sababu nilimdanganya."

Mtu mmoja akaanza kutabasamu.

Nikasema, "Sikumchoma. Hakuita jina la mtu. Yuko hai, yuko ndani ya kabati, anakula panya wa barafu."

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Espe, walicheka mpaka mpiga kinanda akaacha kinanda. Panya wa barafu! Mchungaji alikuwa anafuta machozi. Nikapiga kelele, "Nasema ukweli! Vraiment!" Wakazidi. Mzee mmoja akanipigia makofi amesimama. Mchungaji akanichukua kipaza sauti, akanishika bega kwa upendo, akasema, "Huyu ndugu yetu, Mungu amempa kinywa." Halafu wakaimba.

Uongo wangu waliupokea kama Injili. Ukweli wangu wameutia kwenye fungu la mbuzi aliyezaa mapacha. Nilirudi nyumbani kwa miguu nisikutane na mtu kwenye teksi. Ulikuwa unaanika mashuka, ukaniuliza ibada ilikuwaje, nikasema njema. Hapo ndipo nilielewa nimekufanyia nini. Nilikuchafulia jina, na chombo pekee cha kulisafisha nilikuwa nimekwisha kukivunja mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka, kwa ajili ya chai na makofi.

Jana ulipokwenda Pinetown kununua panya wa mwisho, Mama Gloria alikuja na sufuria ya sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, ya kukuaga. Aliingia bado anacheka.

"Papa Jules, weye utatuua! Panya ya barafu! Nionyeshe basi huyo marehemu."

Nilifungua kabati.

Karoti alikuwa ametandaza mwili wote kwenye kioo, ulimi unaingia na kutoka. Mama Gloria alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Sufuria ilikuwa bado mikononi.

"Iko ya nani?"

"Iko yangu. Tangu siku ya kwanza. Mtoto anaitunza kwa sababu mimi naogopa nyoka. Nimeogopa nyoka maisha yangu yote, Mama Gloria. Sijawahi hata kuigusa."

"Na jina? Si ulisema iliita jina?"

"Niliongeza."

"Uliongeza."

"Niliongeza tu."

Akaweka sufuria chini, sakafuni, si mezani. Akatazama viganja vyake. "Mimi nilishika kichwa yake. Alikuwa anatetemeka. Nikasema ni pepo inatoka, shika nguvu, shika. Nilimuumiza, Papa Jules, kucha zangu zilikuwa za saluni." Akakaa kwenye kitanda chako. Nilingoja anitukane, nilikuwa natamani. Mwishowe akasema, "Nitasema mimi, kanisani. Miye hawanichekaki."

Nikamwambia asubiri, utarudi sasa hivi. Akasema hapana, hawezi kukutazama leo. Ile sombe uliyokula jana ukasema imezidi chumvi ilitoka kwake. Nilikudanganya kwamba niliinunua. Labda atakuja kituoni kesho, labda hatakuja. Akija, usijilazimishe kumsalimu. Wala mimi usijilazimishe. Nilitaka kukuomba msamaha kwenye barua hii, nimejaribu mistari mitatu nikaifuta, kila mmoja ulikuwa mzuri mno, ulikuwa na muziki. Kwa hiyo nasema tu: nilikukana, nikakusingizia, nikakuacha ubebe. Naona aibu. Naona aibu nikikusikia unafungua kabati asubuhi.

Mama Gloria alipoondoka niliingiza mkono ndani ya sanduku. Nilimgusa mgongoni. Ni mkavu, nilidhani ni wa kuteleza. Nikatoa mkono. Sitasema zaidi ya hapo kwa sababu hakuna zaidi.

Haya, uamuzi ni wako, na mimi sitakubembeleza. Mtu aliyenikuta na tabia hii hawezi kuniachia kiumbe kwa sababu ya barua moja. Ukimpeleka kwa Vikash nitaelewa, na sanduku nitalibeba mimi, kwa miguu, asubuhi watu wakiwa wamefungua maduka, kupita mbele ya saluni na mbele ya kanisa mpaka kwenye teksi za Pinetown, na atakayeuliza nitamjibu, akicheka nitamjibu tena. Ukimwacha, mlango wa kabati utakaa wazi. Sijui kama nitaweza kumshika. Najua sasa kumjibu mtu.

Nasikia viatu vyako kwenye ngazi. Umechelewa kusukwa, eish, nilikuambia. Barua naiweka juu ya begi lako, na mimi naingia kuoga, ili usinisome usoni wakati unaisoma.

Mjomba wako,
Jules, ambaye anaogopa nyoka